Picha ya Papa Mikononi mwa Sinéad O'Connor: Uchambuzi wa Usiku wa Oktoba 3, 1992

Jumamosi ya Oktoba 3, 1992, mwimbaji Sinéad O'Connor, mwanamke wa miaka 25 kutoka Dublin, Ayalandi, alisimama peke yake mbele ya kamera za kituo cha televisheni cha NBC jijini New York. Kichwa kimenyolewa upara, gauni jeupe la lesi, mishumaa inawaka kando yake, na kwenye maikrofoni pamefungwa kitambaa cha nyekundu, njano na kijani. Hapakuwa na gitaa wala ngoma. Aliimba "War", wimbo wa Bob Marley, kwa sauti tupu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Alipofika neno la mwisho akainua picha ya Papa Yohane Paulo II, akaichana vipandevipande, akavirusha kuelekea kamera na kusema, "Pambaneni na adui wa kweli." Halafu akaizima mishumaa kwa pumzi.

Kipindi chenyewe, Saturday Night Live, kilikuwa kinaruka mubashara. Studio ile ina taa ya kuwaashiria watazamaji wapige makofi. Usiku ule mwongozaji aliagiza isiwashwe, na ukimya ukaenda hewani kama ulivyo. Muda si muda simu za malalamiko zikaanza kumiminika NBC, kwa maelfu.

Kisa hiki kimezoeleka kusimuliwa kwa namna mbili. Ya zamani inasema: binti alikuwa kileleni, akatia mchanga kitumbua chake mwenyewe, akaishia hapo. Ya siku hizi, hasa tangu alipofariki Julai 2023, inasema: kumbe alikuwa sahihi, dunia ilichelewa kumwelewa. Ya pili ina ukweli mwingi kuliko ya kwanza, lakini zote mbili zinaruka jambo ambalo kwangu ndilo kiini. Sinéad hakuichana picha ile kama mtu aliyetoka kanisani na kufunga mlango. Aliichana kama mtu wa ndani ya nyumba, kwa hasira za mtu anayeamini. Waliomzomea walidhani wanamzomea mkana Mungu, na waliomshangilia baadaye wengi wao walidhani wanamshangilia mkana Mungu. Wote walikosea mlango.

Tuanze na wimbo, maana ndio ulioachwa kando kuliko vyote.

Maneno ya "War" hayakutungwa Jamaika. Oktoba 1963 Mfalme Haile Selassie wa Ethiopia alihutubia Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, katika jiji hilohilo la New York, akasema kwamba madhali kuna watu wanaohesabiwa bora na wengine duni kwa rangi yao, amani ya dunia itabaki ndoto. Alizitaja kwa majina nchi tatu zilizokuwa chini ya minyororo: Angola, Msumbiji na Afrika Kusini. Marley aliichukua hotuba hiyo karibu neno kwa neno na kuiweka katika albamu ya Rastaman Vibration mwaka 1976. Wasikilizaji wa Dar es Salaam, mji ambako FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, iliundwa mwaka 1962, hawakuhitaji mtu wa kuwafasiria mstari wa Msumbiji. Ilipotoka albamu, Msumbiji na Angola zilikuwa zimeshapata uhuru kwa mwaka mmoja hivi. Iliyobaki kati ya zile tatu ni Afrika Kusini.

Sinéad alipofika kwenye majina ya nchi hizo aliyaondoa. Mahali pake akaweka unyanyasaji wa watoto, akautamka, akaurudia. Kwa hiyo shitaka lilisemwa. Lilisemwa kabla ya picha kuonekana, kwa sauti inayosikika vizuri, bila ala yoyote ya kuifunika. Mtu yeyote anayeitazama tena kanda ile leo anasikia kila neno. Lakini Wamarekani waliokuwa sebuleni mwao usiku ule hawakuwa na kisa cha kulitundikia neno hilo. Unyanyasaji wa watoto gani? Wapi? Papa anaingiaje? Kabla swali halijatulia kichwani picha ikawa imechanwa, na picha ikalimeza neno.

Yeye kisa alikuwa nacho, na kilianzia chumbani kwa mama yake.

Sinéad Marie Bernadette O'Connor alizaliwa Dublin, Desemba 8, 1966, mtoto wa tatu kati ya watano. Baba yake alikuwa mhandisi aliyegeuka mwanasheria. Wazazi walitengana akiwa bado mdogo, katika nchi ambayo katiba yake ilikataza talaka (Waayalandi waliiruhusu kwa kura ya maoni mwaka 1995, tena kwa upenyo mwembamba sana), na baba akaja kuwa mmoja wa viongozi wa kampeni ya kutaka talaka ihalalishwe. Mama alikuwa Mkatoliki wa kupigiwa mfano mbele za watu. Nyumbani, kwa maelezo ambayo Sinéad aliyarudia maisha yake yote bila kuyabadilisha, alikuwa mpigaji. Alimvua nguo binti yake, akamlaza chini, akampiga, akimlazimisha atamke kwamba yeye si kitu. Pia alimfundisha kuiba, hata fedha za makopo ya michango ya hisani.

Wizi ndio uliompeleka pabaya, au pazuri, inategemea unasimama wapi. Akiwa na miaka 15 hivi aliwekwa An Grianán, kituo cha kurekebishia wasichana kilichoendeshwa na masista wa Mama Yetu wa Mapendo, katika eneo la High Park huko Drumcondra, Dublin. Eneo hilohilo lilikuwa na mojawapo ya zile nyumba za kufulia nguo za Magdalena, ambako wanawake waliozaa nje ya ndoa, au waliosemekana ni watundu, au wasio na kwao tu, walifanya kazi bila ujira, wengine hadi kufa. Sinéad alisimulia kwamba kwa adhabu alipelekwa usiku kulala katika wodi ya vikongwe waliokuwa wakikata roho, wanawake waliokuwa wameishi humo miaka na miaka. Hakuna aliyemwambia ni akina nani. Akajikuta anajibu mwenyewe: hawa ndio mimi nikikaa hapa.

Katika nyumba hiyohiyo kulikuwa na sista mmoja aliyemnunulia gitaa na kumtafutia mwalimu wa muziki. Wasimulizi wengi hulipita jambo hili haraka kwa sababu linaharibu mstari ulionyooka. Mimi naona bila hilo kisa hakieleweki. Kanisa lilimpa kitisho na likampa chombo cha kazi, chini ya paa moja, na yeye mwenyewe hakuwahi kukana hata kimoja.

Februari 1985 mama yake alikufa katika ajali ya gari. Sinéad alikuwa na miaka 18. Aliporudi katika nyumba ya mama alitoa ukutani mwa chumba cha kulala picha moja tu: Papa Yohane Paulo II, kumbukumbu ya ziara yake Ayalandi mwaka 1979. Ndiyo picha hiyohiyo. Aliihifadhi kwa miaka saba, akihama nayo nyumba hadi nyumba, akijua siku moja ataiharibu, asijue ni lini.

Msomaji aliyekulia katika nyumba ya Kikatoliki Moshi, Bukoba au Machakos hahitaji kuelezwa uzito wa picha ya namna hiyo. Ipo sebuleni, juu ya kabati, pamoja na Moyo Mtakatifu wa Yesu na kalenda ya jimbo. Pengine rozari imening'inizwa kwenye fremu. Papa huyu alikuja Kenya mara tatu, na Septemba 1990 alikanyaga Tanzania, Burundi na Rwanda katika safari moja, na kuna familia ambazo hadi leo zina picha ya ziara hiyo ukutani. Kuigusa vibaya ni kumgusa bibi aliyeitundika. Nataja haya kwa sababu ni rahisi leo kuwacheka waliokasirika, kana kwamba wote walikuwa wanawatetea wanyanyasaji. Wengi waliona tu bibi yao anatukanwa.

Na Sinéad alilijua hilo kuliko mtu yeyote pale studio, maana picha ilikuwa ya mama yake. Alipoichana alikuwa anamchana mama, na uongo wa nyumba iliyojaa sala na fimbo, na mamlaka iliyofanya nyumba na vituo vya namna hiyo visiulizwe. Mambo matatu katika karatasi moja. Kwa mtazamaji wa Ohio ilionekana moja tu.

Kuhusu kazi yake kabla ya hapo nitapita haraka, kwa sababu ndiyo sehemu inayojulikana. Alihamia London mwaka 1985 baada ya kampuni ya muziki ya Ensign kumsainisha. Wakubwa walimtaka aache nywele zikue na avae sketi fupi. Akaenda kwa kinyozi akanyoa zote. Alipata mimba wakati anarekodi albamu ya kwanza, The Lion and the Cobra, akaona anashinikizwa aitoe, akakataa, akaimalizia albamu akiwa mjamzito, akiwa yeye mwenyewe ndiye prodyuza katika umri wa miaka 20. Ilitoka 1987. Humo ndimo mlimo "Mandinka", roki ya gitaa zito yenye jina la watu wa Afrika Magharibi, uliomfikisha kwenye jukwaa la Grammy Februari 1989. Alipanda akiwa amechora nembo ya kundi la rap la Public Enemy kwenye kipara chake, kwa sababu waandaaji walikuwa wameanzisha tuzo ya rap lakini hawakutaka kuionyesha kwenye televisheni.

Mwaka 1990 ukaja "Nothing Compares 2 U", wimbo alioutunga Prince kwa ajili ya kundi jingine na ambao karibu hakuna aliyekuwa ameusikia. Video yake ni uso tu, karibu mwanzo hadi mwisho. Katika mstari unaomtaja mama, machozi yanamtoka, hayakupangwa. Wimbo ulishika namba moja katika nchi nyingi, Marekani kwa wiki nne, na video ikapata tuzo kuu ya MTV mwaka huo, ya kwanza kwa mwanamke. Agosti mwaka huohuo alikataa wimbo wa taifa wa Marekani kupigwa kabla ya onyesho lake huko New Jersey. Mwimbaji Frank Sinatra akatangaza jukwaani kwamba angependa kumpiga teke. Mwaka 1991 aliteuliwa kwenye tuzo nne za Grammy, akashinda moja, akaikataa. Na nyumba yake ya Los Angeles aliitoa kwa Msalaba Mwekundu ili fedha ziende kwa Wasomali waliokuwa wakifa njaa.

Kwa hiyo aliposimama mbele ya kamera Oktoba 1992, yeyote aliyekuwa akimfuatilia alijua kwamba huyu si mtu wa kualikwa kama pambo. Na huko kwao hewa ilikuwa nzito. Februari mwaka huo mahakama ilimzuia msichana wa miaka 14 aliyebakwa asisafiri kwenda Uingereza kutoa mimba, nchi ikawaka hadi Mahakama ya Juu ikabatilisha. Mei ikafichuka kwamba Askofu Eamonn Casey wa Galway, mmoja wa waliomchangamkia Papa kwa vifijo mbele ya umati wa vijana mwaka 1979, alikuwa na mtoto wa kiume aliyemficha Marekani. Muayalandi aliyekiona kitendo cha Sinéad angeweza angalau kuotea kinatoka wapi. Lakini yeye alikifanyia New York.

Wiki mbili zilizofuata zilikuwa za kukata na shoka. Jumamosi iliyofuata mwigizaji Joe Pesci, mwenyeji wa kipindi kilekile, aliinua picha ileile ikiwa imegandishwa kwa gundi na kusema kwamba kama angekuwepo yeye angemzaba kofi. Ukumbi ukashangilia. Hebu ifikirie tena hiyo: mtu mzima anatangaza kwenye televisheni ya taifa kwamba angempiga mwanamke ambaye kisa chake chote ni kupigwa, na watu wanapiga makofi, safari hii bila kusubiri taa. Jijini New York watu waliokasirika walikodi mtambo wa kushindilia barabara, wakazipanga santuri na kaseti zake, wakazisaga.

Oktoba 16 ndio ulikuwa usiku wenyewe. Ukumbi wa Madison Square Garden, tamasha la kuadhimisha miaka 30 ya muziki wa Bob Dylan, magwiji wa muziki wa kupinga dhuluma wamejaa nyuma ya jukwaa. Sinéad alipangiwa "I Believe in You", wimbo kutoka kipindi ambacho Dylan alikuwa ameokoka. Wimbo wa mtu anayeshikilia imani yake wakati wenzake wanamfukuzia mbali. Kama angeuimba, tungekuwa tunazungumza leo kuhusu jambo jingine kabisa.

Mwimbaji Kris Kristofferson akamtambulisha kwa maneno ya heshima. Makelele yakaanza. Wengine walishangilia, wengine walizomea, na sauti mbili hizo zikachanganyika zikawa ngurumo moja isiyo na tafsiri. Yeye akasimama kimya, mikono chini. Mpiga kinanda akaanza kumpa mlango wa kuingia, akamsimamisha kwa mkono. Akaanza tena, akamsimamisha tena. Waandaaji walimtuma Kristofferson akamtoe jukwaani. Alikwenda, lakini badala ya kumtoa akamwinamia sikioni na kumwambia asikubali wanaharamu wale wamvunje. "Sijavunjika," akajibu. Kisha akavua vile vifaa vya masikioni na kuanza kuikemea "War" ileile, si kuimba tena bali kupiga ukelele, hadi kwenye sehemu ya watoto, akakata hapo, akashuka, na mikononi mwa Kristofferson akalia.

Watu waliokuwa wamekuja kumwenzi mtunzi wa nyimbo za ukaidi walimzomea mkaidi pekee aliyekuwepo. Hilo limeshasemwa na wengi na ni kweli. Ninaloongeza ni kwamba pale, kwa mara ya pili, alikuwa na nafasi ya kueleza, na kwa mara ya pili alichagua wimbo badala ya maelezo. Maelezo yalikuja Novemba, katika mahojiano na jarida la Time, ambako alisema kwa utulivu kwamba hana ugomvi na mtu yule bali na cheo na taasisi anayoiwakilisha, na akaeleza habari za kupigwa kwake na za watoto wa Ayalandi. Yalikuwa maelezo mazuri. Lakini taarifa ya kurasa mbili haiwezi kuikimbiza picha ya sekunde tano.

Hapo ndipo ninapoona kosa lake, kama ni lazima liitwe kosa. Alitumia ishara ya ukoo mbele ya wageni. Mkatoliki wa Dublin angeumia, lakini angejua nini kinasemwa. Mgeni aliona matusi matupu, na mgeni ndiye aliyekuwa na santuri za kusaga na redio za kuacha kupiga nyimbo.

Kilichofuata Ayalandi kinasimuliwa kama hukumu iliyompa ushindi, na kwa upande wa hoja ni hivyo. Mwaka 1993, hata mwaka haujaisha tangu kile kipindi, masista wa High Park waliuza sehemu ya ardhi yao kulipa madeni. Makaburi yakafukuliwa, wakatolewa wanawake 155, zaidi ya idadi iliyokuwa kwenye kibali, wengine bila cheti cha kifo. Ni eneo lilelile alilolazwa Sinéad na vikongwe. Mwaka 1994 padre Brendan Smyth alifungwa Belfast kwa kuwanajisi watoto kwa miongo kadhaa huku wakubwa wake wakimhamisha kituo hadi kituo. Utata wa ombi la Ayalandi kumkabidhi kwa Belfast uliiangusha serikali ya Waziri Mkuu wa Ayalandi, Albert Reynolds, Novemba mwaka huo. Mwaka 2002 kashfa ya mapadre kunajisi watoto ikalipuka Boston, na Wamarekani hatimaye wakapata kisa cha kulitundikia lile neno. Mei 2009 Tume iliyoongozwa na Jaji Ryan ilitoa ripoti kuhusu shule za kurekebishia watoto, ikieleza kwamba kunajisiwa katika taasisi za wavulana kulikuwa jambo lililoenea. Novemba ikafuata ripoti ya Murphy kuhusu Jimbo Kuu la Dublin, ikionyesha jinsi sifa ya kanisa ilivyowekwa mbele ya usalama wa watoto. Februari 2013 Waziri Mkuu Enda Kenny aliomba radhi bungeni kwa niaba ya dola, kwa wanawake wa Magdalena.

Haki pia iwekwe mezani: mwaka 2001 Papa Yohane Paulo II mwenyewe aliomba radhi hadharani kwa unyanyasaji uliofanywa na mapadre. Na Sinéad naye, Septemba 1997, akihojiwa na gazeti la Italia, alimwomba Papa msamaha, akakiita kitendo chake cha kipuuzi, cha binti mwasi, akasema aliasi dhidi ya imani lakini akiwa bado ndani ya imani. Miaka michache baadaye alipoulizwa kama angebadilisha chochote, akajibu kwamba hata kidogo.

Wanaomtaka awe shujaa wa mstari mmoja huificha ile ya 1997. Mimi naona hazipingani. Mtoto aliyemkosea mzazi adabu kwa jambo la haki anaweza kuomba radhi kwa ukosefu wa adabu bila kurudisha jambo lenyewe. Na angalia alikokwenda kati ya kauli hizo mbili: mwaka 1999, huko Lourdes, mji wa hija wa Ufaransa, alipewa upadre na askofu wa kundi dogo lililojitenga na Roma, akaitwa Mama Bernadette Mary. Kanisa Katoliki halikuutambua upadre huo, lakini mtu asiyejali kanisa hatafuti upadre. Mwaka 2005 alikwenda Kingston, kwenye studio ya Tuff Gong, akarekodi na wanamuziki wa Jamaika Sly na Robbie albamu nzima ya nyimbo za reggae za kirasta, "War" ikiwemo. Mwaka 2007 albamu yake iliitwa Theology, na kichwa hicho si mzaha.

Oktoba 2018 akatangaza kwamba amesilimu. Imamu Umar al-Qadri wa Dublin alimshuhudia akitoa shahada, na jina lake likaja kuwa Shuhada' Sadaqat. Alisema ni mwisho wa asili wa safari ya mtu yeyote mwenye akili anayesoma dini. Wiki chache baadaye aliandika mtandaoni maneno ya chuki dhidi ya wasio Waislamu, akaja kuyaombea radhi. Alikuwa hivyo: mdomo unatangulia, miguu inafuata. Aliugua akili kwa miaka mingi, alitoa video ya kilio akiwa peke yake katika moteli huko New Jersey mwaka 2017, na Januari 2022 alimzika mwanawe wa miaka 17. Asiyetaka kuyataja haya kwa kumheshimu anamfanya sanamu. Anayeyataja ili kusema "si mnaona, alikuwa kichaa" anarudi kulekule kwa Pesci.

Septemba 2019 aliimba "Nothing Compares 2 U" kwenye kipindi cha televisheni cha The Late Late Show cha Ayalandi akiwa amevaa hijabu. Aliyeogopa kwamba dini mpya itamfunga sauti alitulia kwenye ubeti wa kwanza.

Je, picha ile iliua kazi yake? Kwa hesabu za chati, ndiyo: hakufika tena namba moja Marekani, na albamu saba alizotoa baada ya hapo ziliuza sehemu ndogo ya zile za mwanzo. Kwa hesabu yake mwenyewe, hapana. Katika kitabu chake cha kumbukumbu, Rememberings, cha 2021, aliandika kwamba kushika namba moja ndiko kulikoipotosha kazi yake, na kuichana picha kulimrudisha kwenye njia. Ni rahisi kulisema hilo baada ya miaka 30, na msomaji ana haki ya kulitilia shaka kidogo. Lakini rekodi yake inaliunga mkono: aliyekataa Grammy mwaka 1991 hakuwa anasubiri skendo ndipo aanze kuichukia biashara ile.

Alifariki London, Julai 26, 2023, akiwa na miaka 56. Agosti 8 maelfu walisimama kando ya barabara ya ufukweni huko Bray, Ayalandi, nje ya nyumba aliyowahi kuishi, Rais Michael D. Higgins akiwa kati ya waombolezaji, imamu yuleyule akaongoza dua, na mbele ya gari la maiti likapita basi dogo la zamani likipiga Bob Marley kwa spika za juu ya paa. Kanisa Katoliki la Ayalandi halikuwa na nafasi katika ratiba ile. Sioni kama ni kisasi. Ndiko alikokuwa amefika.

Inabaki hoja ya wale wanaosema: sawa, alikuwa na haki, lakini si angetafuta njia ya upole? Njia hiyo aliijaribu, na kanda ipo. Jumamosi ileile, kwenye mazoezi ya mwisho yanayorekodiwa kabla ya kipindi kwenda hewani, aliimba "War" ileile kwa maneno yaleyale. Mwishoni aliinua picha pia, lakini ya mtoto: mtoto wa mitaani wa Brazil aliyeuawa na polisi. Akamwomba mpiga kamera aivute karibu. Wafanyakazi walilipokea vizuri, hakuna aliyeshtuka, hakuna aliyeuliza mtoto yule ni nani, na mpango ukapita kama ulivyo. Kwa miaka mingi NBC ilipokirudia kipindi hicho, kanda ya mubashara iliondolewa na mahali pake ikawekwa ile ya mazoezi.